Mguu wa Baba Mkwe

Likasi, Jumapili. Baridi na vumbi.

Kwa masikitiko makubwa ninalitangazia taifa kifo cha suruali yangu ya kanisani. Imepasuka nyuma nikishuka kwenye pikipiki, mbele ya mlango wa gereza. Mlinzi alisema hajawahi kuona mtu anayejivua nguo kabla hajafungwa.

Niliivaa kwa heshima ya mkwe, baba wa mke wangu. Kwetu mkwe humgusi, humtazami usoni. Jina lake silitaji hata humu daftarini. Ni mzee, ana ugonjwa wa sukari, na yumo ndani kwa ugomvi wa kiwanja huko mtaa wa Panda, akimngoja jaji asiyefika. Sasa kidonda cha mguu kimemzidi, hawezi kutembea hadi kwenye benchi la wageni, na wanawake hawaingii uani kwa wanaume. Basi nimeingia mimi.

Hanipendi. Simlaumu, hata mimi kuna siku sijipendi.

Wafungwa wamemhamishia kwenye mlango wa choo. "Muzee wako ananuka," kapita wao, mfungwa anayewasimamia wenzake, aliniambia. "Umutoe ao umuoshe."

Muuguzi wa gereza alinionyesha kabati tupu, akasema kidonda ni kazi ya familia. Nikamweleza kwamba mimi ni mkwe. Akanipa beseni.

Mzee, kwa kuwa desturi haimruhusu kuniangalia, aliongea na ukuta: "Kama mutoto wangu angeolewa na mbuzi, leo ningekula nyama."

Nyumbani nimemwambia mke wangu kwamba muuguzi ndiye aliyemwosha, na kidonda kinakauka. Amemshukuru Mungu, akamwombea na huyo muuguzi.

Ukweli ni huu.

Nilipiga magoti. Mzee akavua shati, akajifunika kichwa ili tusionane. Nilipomgusa alishtuka mwili mzima, akaanza kunitukana, mimi, kisha mama yangu, kisha ukoo mzima, bila haraka. Nikaendelea kuosha. Kidole kidogo kilikuwa cheusi, na weusi umeanza kupanda. Nilipokisugua hakushtuka. Hakusikia kitu.

Matusi yalinyamaza. Kutoka ndani ya shati akaniuliza, mimi, si ukuta: "Weye, iko namna gani?"

"Iko muzuri, papa."

Haiko muzuri. Kesho asubuhi nitamwambia mke wangu, halafu nitasimama mlangoni kwa mkuu wa gereza mpaka wampeleke hospitali, hata wakinicheka. Huko watamkata mguu, na atajua ni nani aliyesema apelekwe.

Anichukie. Lakini anichukie akiwa hai.