Lazima na Kulazimishwa

Chumba cha Ushonaji,
Ghorofa ya Chini,
Hospitali.

Jumamosi, tarehe 9.

Mpendwa kaka,

Shikamoo, na amani iwe juu yako na juu ya wote waliomo nyumbani mwako. Natumai barua hii itakukuta mzima, goti limepoa na usingizi unapatikana. Wifi hajambo? Kifua chake kimetulia? Mwambie dawa ile ya kikohozi ainywe mpaka iishe, asiiache njiani akiona nafuu kama anavyofanya siku zote. Na mama mkwe wako, bado anagombana na majirani kwa ajili ya kuku? Sisi huku tu wazima wa mwili. Nasema wa mwili kwa sababu roho zetu ni habari nyingine, na ndiyo iliyonikalisha kitini.

Utashangaa kupata barua zama hizi ambapo kila mtu ana simu mfukoni. Kaka, simu yako nimeipiga hadi nimechoka, na ile mara moja uliyopokea ulisema ya kwako ukakata kabla sijasema hata moja la kwangu. Barua huwezi kuikata. Nimempa fundi wa mashine zetu za kufulia, anakuja huko kwa likizo kesho, atakukabidhi mkononi. Mkaribishe angalau maji. Ni mtu mwenye haya, hataomba.

Nianze na jema, usije ukadhani nimekuwa mtu wa kulia tu. Wameniletea cherehani mpya. Ile ya zamani, iliyokuwa ikikohoa kuliko wifi, imekwenda kupumzika. Hii mpya haina kelele kabisa, na wiki ya kwanza nilikuwa nasimama kila mara kuangalia kama inashona kweli au inanichezea. Wenzangu walinicheka hadi wakachoka.

Na binti yako, Kasuku wetu, kazini anapendwa. Hilo ulijue kabla sijafika kwenye mengine. Yuko pale kitengo cha macho, ndiye anayempima mgonjwa kabla ya kuingia kwa daktari: kaa hapa, funika jicho la kushoto, soma mstari wa tatu. Wazee wanamgombania. Kuna bibi mmoja anayesoma herufi zote vibaya makusudi ili apimwe tena, apate kukaa naye zaidi. Uliponiletea huyu mtoto uliniambia nimwangalie asije akapotea. Kaka, hakupotea. Ameshika kazi, anajua kuongea na watu, na hela ya kula anaweka mezani mwenyewe bila kuulizwa.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe, maana nazungukazunguka kwa woga.

Mwezi uliopita ilitoka kanuni mpya. Mfanyakazi yeyote wa umma anayekutana na wananchi ana kwa ana asivae kitu kinachoonyesha dini yake. Msalaba shingoni, kilemba, mtandio, vyote vimetiwa kapu moja. Wanasema mgonjwa akiingia asianze kujiuliza anayempima anaamini nini. Sikufichi, wanaosema hivyo si watu wabaya. Watu wa hapa wanaupenda uhuru kweli, wanauzungumzia asubuhi mpaka jioni, na wengi wao wanamaanisha. Mimi na mtandio wangu hatujaguswa, kwa kuwa chumba cha ushonaji mgonjwa hafiki. Na akina mama wa jikoni wamefunikwa kofia hadi kwenye nyusi kwa amri ya hospitali yenyewe, unywele usije ukaanguka kwenye supu. Kwa hiyo kufunika kichwa si kosa. Kosa ni sababu yako ya kukifunika. Nilikuwa nalifikiria hilo nikitia pindo kwenye shuka, sindano ikanichoma kidole.

Ila kanuni imeacha mlango mdogo. Mfanyakazi anaweza kuomba asamehewe, mradi aseme mbele ya kikao kwamba anavaa kwa dhamiri yake mwenyewe, hasukumwi na mtu. Akikubaliwa, atavaa mtandio wa rangi ya sare na maisha yataendelea. Wakiona anasukumwa, ombi linakataliwa, maana hawataki hospitali imsaidie mtu kumwamrisha mwenzake. Hapo avue, au aache kazi.

Kasuku aliomba. Jumanne wakamwita, nami nikaruhusiwa kumsindikiza kama mfanyakazi mwenzake. Chumba chenyewe kina meza ndefu na jagi la maji ambalo hakuna aliyeligusa. Aliyeendesha kikao ni mkuu wa utumishi, mzee mpole ambaye miwani yake inamteleza puani kila akiinama. Alianza vizuri, akamsifu kwa kazi yake, kisha akamuuliza:

“Huo mtandio, kwako wewe ni lazima?”

“Ndiyo,” akasema mtoto, “ni lazima.”

“Nani anakulazimisha?”

Kaka, hapo ndipo walipopishana. Yeye alisema lazima kwa maana ile tuliyofundishwa tangu tunaota meno, kama swala ilivyo lazima, kama kumtunza mzazi kulivyo lazima. Yule mzee akasikia lazima ya mtu kushikwa mkono akaburutwa. Neno moja, na kila mtu ameondoka na lake. Nilitaka kudakia nieleze, lakini kanuni ya kikao ni kwamba msindikizaji akae kimya, na unanijua mimi na kukaa kimya. Nilijiuma ulimi hasa.

Lakini tuseme kweli, kosa la lile neno lingesawazishwa papo hapo. Angejibu tu kwamba hakuna anayemlazimisha, tukasimama, tukaaga. Hakujibu. Alifungua mdomo, akaufunga. Mkuu akasubiri, tena akasubiri kwa adabu, bila kumharakisha, na hiyo adabu ndiyo iliyonimaliza. Mwisho akasema swali halikujibiwa, basi kikao kitakaa tena Ijumaa ijayo, na kabla ya hapo afisa ustawi atafika nyumbani kuona mtoto anaishi vipi.

Tulipotoka nilimvuta kando, pale kwenye ubao wa matangazo. Nilikuwa na hasira, nikamwambia, “We mtoto, umekabwa na nini? Umeitwa Kasuku toka mdogo kwa sababu mdomo haufungi, leo ndiyo umeufunga?” Akaniangalia. Akasema, “Shangazi, nilitaka kusema hakuna. Nikamsikia baba.”

Unajua alichokisikia. Ni ule ujumbe wako wa sauti uliomtumia siku habari za kanuni zilipokufikia. Ulimwambia: siku utakayovua mtandio huo mimi si baba yako, usinitafute tena. Aliusikiliza wakati wa mapumziko, kwenye ngazi za nyuma, nami nilikuwa kando yake na chai yangu. Aliusikiliza mara ya pili kana kwamba labda hakusikia vizuri. Kisha akaweka simu mfukoni akarudi kuwapima watu macho.

Najua uliyasema kwa hasira, na hasira yako nyingi ni hofu. Uko mbali, unasikia mambo ya huku nusu nusu, unadhani mtoto atayeyuka kama chumvi. Ukikasirika unasema kubwa kuliko ulilokusudia, ndivyo ulivyo tangu tukigombania kitanda cha dirishani. Mimi nimekuzoea, nachuja, nachukua robo. Yeye hajui kuchuja. Ni mwanao, na neno lako kwake ni neno.

Afisa ustawi alikuja Alhamisi, na hapo nami nikaharibu. Ni dada mchanga, mwenye begi kubwa na viatu vya kutembelea. Nilimwandalia chai, nikafuta meza iliyokwisha kufutwa. Akauliza maswali madogo madogo, kisha akataka kujua mambo ya nyumba hii huamuliwaje. Mimi, kwa kutaka aone kwamba mtoto ana wa kumwangalia, nikajibu kwa kifua mbele, “Humu ndani hakuna linalofanyika bila mimi kujua.” Kaka, kalamu yake ilikimbia! Nikajaribu kurekebisha, nikamwambia nilikuwa na maana kwamba nampenda. Akasema ameelewa. Akaandika tena. Tangu siku ile nikimkumbuka natamani kuingia chini ya kapeti.

Unaweza kucheka hapo, nimekuruhusu. Mimi sijaweza bado.

Kasuku hacheki pia. Hali vizuri, anasogeza chakula upande huu wa sahani, anakirudisha upande ule. Zamani akifika nyumbani mtandio ulikuwa unatua popote, mgongoni mwa kiti, juu ya jokofu, nami nagomba. Sasa anakaa nao sebuleni, tuko wawili tu, mlango umefungwa. Juzi nilimtuma akatupe taka, akatoka kichwa wazi kwa kusahau, halafu akarudi mbio, akajibanza nyuma ya mlango. Nikadhani amefukuzwa na mbwa. Kumbe hakuna kitu. Hakuna hata mtu aliyempita. Hiyo siyo ibada, kaka. Mimi nimeishi miaka mingi nikisali karibu na watu wenye hofu ya Mungu, na hofu ile haifanani na hii.

Na ameniuliza swali ambalo limeninyima raha mpaka leo. Aliniuliza, “Shangazi, nikienda Ijumaa nikasema hakuna anayenilazimisha, nitakuwa nimesema uongo?” Wewe ungemjibu nini? Mimi nilisema ngoja niangalie chungu jikoni. Jikoni hapakuwa na chungu.

Unaona tulipofika? Hawa wanamtaka avue ili wamwone yuko huru. Wewe unamtaka avae ili umwone ni wako. Kichwa ni kimoja, na mwenyewe amebaki anasikiliza. Nawakasirikia wote, lakini wale siwezi kuwaandikia wakanisikia. Wewe naweza. Hukunikuza mgongoni bure.

Ninachokuomba si kikubwa, ingawa najua kwako kitakuwa kizito. Mpigie simu kabla ya Ijumaa. Mwambie kwa kinywa chako mwenyewe: ukivaa wewe ni mwanangu, ukivua wewe ni mwanangu. Basi. Usimwongezee wosia, usimsomee mifano, usimtajie nani atasema nini mtaani. Ukimaliza kusema hayo, msikilize. Akienda kwenye kikao akiulizwa nani anamlazimisha, awe na jibu ambalo ni la kweli. Jibu hilo leo hana, na hospitali haina pa kulitoa, wala mimi sina. Unalo wewe.

Nakusikia mpaka hapa ukisema, hivyo ndivyo wanavyoanza, leo kichwa, kesho dini yote. Inawezekana, kaka. Sitakuahidi kitu nisichokijua. Hilo linanitisha kama linavyokutisha, na huwa naamka nalo. Lakini linalonitisha zaidi ni kwamba avae maisha yake yote, kila siku, vizuri kabisa, na asijue hata siku moja kama amevaa yeye.

Nisisahau salamu. Nisalimie wifi, mwambie kitambaa cha mapazia nimekipata ila fundi hana nafasi kwenye begi. Nisalimie mama mkwe na hao kuku wake. Shemeji fundi seremala mwambie mlango alionitengenezea bado unafunga bila kulia. Wale pacha wa dada wabusu mashavu, na mkubwa mwambie nimesikia habari za mtihani, aache kujificha. Kasuku angewasalimu wote, lakini hajui ninaandika. Yuko kwenye zamu.

Bado jambo moja, halafu nakuachia. Jana jioni tulikuwa tunakunja nguo, nikamuuliza: tuseme baba amekuachia, amekwambia uvae au uvue yeye ni baba yako tu, utafanyaje? Hakusita hata kidogo. Alinijibu pale pale, ameshika shuka kwa ncha zake mbili, na ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumanne kumsikia akiongea kwa sauti yake mwenyewe. Nilimwelewa, na nikaamini.

Alichosema sikuandikii. Nikikuandikia, utakuwa umeliruhusu jibu lake. Nataka umruhusu yeye.

Mungu akuponye goti, aulainishe moyo wako, na aufanye ulimi wako uwe na huruma kwa walio mbali nawe kama ulivyo na huruma ukiwa nao karibu. Amina.

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata kama unasoma hapa umenuna.