Mama Mkwe Ameshinda Tena, na Anafunga Virago

Mpendwa mshauri wetu Mama Généreuse, amahoro. Naomba msaada, na naomba uisome barua hii upesi, maana mama mkwe wangu amefunga mkeka na jembe kwa kamba moja na kila asubuhi anasimama navyo mlangoni.

Mimi ni Athumani, nauza mawese hapa soko la Rumonge, nina mke wangu Sikujua na binti yetu Kaoutar wa miaka minane, na tangu bunduki zilipoanza kulia kule milimani juu ya Gatete mama mkwe alishuka akaja kukaa kwetu, nami nilimpokea kwa mikono miwili, sina neno, lakini Mama wewe unajua, kwetu mtu na mama mkwe wake hawakai hivi, hutakiwi kumkazia macho, hutakiwi kumtaja jina, na ndiyo sababu hapa silitaji, zamani ukimwona anakuja njiani uliingia kwenye migomba mpaka apite, sasa mimi migomba nitaitoa wapi ndani ya nyumba ya vyumba viwili, na kuvrefe inaanza jua halijazama vizuri, hakuna kutoka nje, tunafungiana ndani sisi wanne, yeye anatazama ukuta huu na mimi natazama ule, mpaka mtoto akauliza kwani kwenye ukuta kuna nini.

Sikujua ndiye aliyesema tutafute mchezo wa kuchezwa na nyumba nzima. Nikaanza na dama. Nilichora ubao kwenye kifuniko cha katoni, vizibo nikaviokota nje ya baa, vya Fanta upande mmoja na vya bia upande wa pili, na Mzee Hadji wa msikitini akapita akanikuta nimeinama mlangoni mwa baa, mpaka leo ananisalimia kwa huruma. Dama ikanishinda, kwa sababu kwenye dama ukiweza kula ni lazima ule, na mimi nitakulaje kizibo cha mama mkwe mbele ya mtoto wake na mjukuu wake, basi nikawa najifanya sikuona, naye ananionyesha kwa kidole, "Mukwe, mukule. Iko pale." Namshukuru, "Murakoze mama, macho yangu mabaya leo." Macho yakawa mabaya wiki nzima.

Nikahamia ludo. Dadu sikuwa nalo, nikachonga la muhogo mkavu, na hapa nakueleza ukweli wote, nililichonga upande mmoja mzito ili likirushwa kwa namna anayorusha yeye lilale kwenye sita. Likalala kwenye sita, na tena sita, na tena. Mama mkwe akaliokota, akalipima kiganjani, akalinusa, akawatupia kuku.

Ndipo mwenyewe akaomba urubugu, lile bao la mashimo, kwa sababu alifundishwa mchezo huo na marehemu baba mkwe, ambaye Sikujua anasema alikuwa akimfunga mkewe karibu kila jioni na juu ya hayo kumcheka. Nikachimba mashimo kwenye kipande cha ubao wa mtumbwi uliovunjika, nikatafuta kokwa za chikichi zikawa kete. Kwa heshima Sikujua alitundika kitenge katikati, mama mkwe upande wake na ubao, mimi upande wangu, na Kaoutar akawa anapita chini ya kitenge kupeleka habari, "Baba, bibi amebeba za shimo la tatu," "Bibi, baba anasema umhamishie zile mbili zake," mpaka jioni moja mtoto akalala usingizi katikati ya mchezo na kichwa chake juu ya kete zote, tukakitoa kitenge, sasa nacheza nimekaa upande, shingo imekakamaa. Na kila jioni anashinda yeye. Nahakikisha. Nikiona shimo zuri nalipita kama silioni, halafu nampongeza, "Mama ni bingwa," naye ananuna, anazikusanya kokwa, anakwenda kulala bila kuaga.

Lakini Mama, linalonichanganya kuliko yote ni hili. Mchana anakwenda kwa jirani yetu Akonkwa, mvuvi aliyetoka Kivu, anaucheza urubugu uleule pale barazani wavu ukikauka, na Akonkwa anamfunga bila huruma na kumtania, "Mama, leo kichwa umekiacha ku jiko?" Unajua anarudije? Anaimba. Anafungwa kule anarudi akiimba, anashinda kwangu ananuna, je, huo si urogi?

Jumapili alifika mpaka barabarani na mkeka wake. Sikujua alimkimbilia akamrudisha, na nilipomuuliza tumekosa nini akanijibu akitazama ukuta, "Kule kwangu, mukwe, hakuna mutu ya kunionea huruma." Mama, kutoka mlima ule watu wanashuka kila siku na magodoro kichwani, yeye anataka kupanda. Naogopa. Akipatwa na jambo kule, Sikujua hatanisamehe, na mimi mwenyewe sitajisamehe.

Nitajie mchezo mmoja tu, uwe wa karata au wa ubao, ambao mama mkwe hawezi kufungwa hata mimi nikicheza kwa akili zangu zote. Nitautengeneza leo leo.

Athumani, muuza mawese, Rumonge

*

Athumani, amahoro nawe. Niliisoma barua yako nikicheka mpaka kwenye kuku. Nilipofika barabarani na ule mkeka nikaacha kucheka.

Mchezo unaoutaka haupo, na ukiupata uutupe ziwani. Umeniuliza swali la mchezo na wewe tatizo lako ni mchezaji, na mchezaji mwenyewe ndiye wewe.

Usiniletee urogi. Jibu umeliandika kwa mkono wako ukalipita kama unavyoyapita mashimo yako mazuri. Marehemu alikuwa anamfunga kila jioni, na leo mjane wake akiuomba mchezo wowote duniani anauomba uleule. Akonkwa anamfunga na kumtania, anarudi akiimba. Wewe peke yako umemgeuza mtoto anayefundishwa kutembea, na unampigia makofi kila akipiga hatua. Mwanamke aliyelima mlimani miaka yote hiyo, aliyelijua dadu lako kwa kulipima tu kiganjani, unadhani hajui unapomwachia? Alijua tangu kizibo cha kwanza. Ndiyo maana alikuonyesha kwa kidole. Alikuwa anakuomba, Athumani, nawe ukamwambia habari za macho mabaya.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nyumba yako haijamnyima chakula wala mkeka, nakusifu kwa hilo. Lakini jembe hujampa, na sasa amelifunga lake mwenyewe na kamba. Anayeachiwa ashinde ni mgeni. Wa nyumbani hufungwa, hugombana kwa ajili ya kete, kisha hula ugali na aliyemfunga. Mama huyu amepoteza mlima wake, ng'ambo ya kaburi yuko mtu aliyekuwa akimcheka jioni, na kila siku kuvrefe ikianza unamkumbusha kwamba hapa ni mgeni. Unamwachia ashinde, ndiyo. Unamfukuza pia, bila kusema neno.

Najua utasema heshima ya ukwe. Mimi nami nina wakwe, usinifundishe. Endelea kukaa upande, endelea kutomtaja jina, na hilo ni jema. Lakini macho yako yaweke kwenye mashimo. Kokwa za chikichi si wakwe zako, zitazame unavyotaka.

Sasa fanya hivi. Dama muachie Kaoutar na mama yake, na vile vizibo vya bia vipake chaki, Mzee Hadji apumzike. Ludo iache kabisa, wewe na dadu hamwezi kuaminiana tena. Karata mcheze wanne kwa jozi, mama mkwe na mjukuu wake dhidi yako na Sikujua, hivyo hata akiwa na hasira nawe atakuwa na mtu wa kumnong'oneza. Watoto wanapenda kunong'onezewa na bibi, na bibi zaidi.

Urubugu ndio wenu wawili. Leo jioni keti, na umfunge. Nasema umfunge kweli, kwa akili zako zote, ukiona shimo zuri ulikombe mpaka kokwa ya mwisho. Inawezekana ukajitahidi hivyo na bado akakupiga, maana mtu aliyefundwa na mume wa namna ile si mchezo, na hapo ndipo utakapojua umekuwa ukimwachia mtu ambaye hukuwa na uwezo wa kumshinda. Hiyo aibu itakufaa. Lakini rudi kesho, na kesho kutwa, mpaka siku utakapomfunga. Siku hiyo usiombe radhi na usimpongeze. Mwambie maneno ya Akonkwa, kwa sauti ya heshima kama huwezi kwa nyingine, "Mama, leo kichwa kimebaki ku jiko." Sikujua atashika mdomo. Mwache ashike.

Atakutukana kidogo. Atasema umechezea kokwa. Atadai mrudie palepale, nawe mwambie hapana, usingizi umenishika, mpaka kesho.

Asubuhi uamke mapema uangalie mlangoni. Mkeka utaukuta umetandikwa, na mama mkwe amekaa juu yake na ubao, anakungoja. Mtu anayedai marudiano hahami.