Chembe za Kijani

Jumatatu, 14 Septemba 1992

Zimeshika! Chembe zetu za silika zimeng'ang'ania bakteria wa kifua kikuu, na chini ya taa ya zambarau wanang'aa. Tumehangaika sana na uso wa hizo chembe. Zilikuwa zinagandana zenyewe kwa zenyewe kama uji mbovu. Constantin amezivika tabaka jipya. Yeye anatia rangi ya kijani, mimi nyekundu. Yangu haishiki kitu. Wivu? Kidogo. Clovis, mdogo wa mke wangu, anayeosha vyombo vya maabara, hakufurahi nasi. Alinung'unika kwamba Constantin, Mkasai, ameshinda tena.

Alhamisi, 17 Septemba

Mtaa wa Kikula unaungua. Nyumba za Wakasai zinachomwa mchana kweupe na vijana wa hapa Katanga, wanaimba warudi kwao Kasai. Mzee Cyrille, fundi viatu, wamempasua kichwa kwa nondo mbele ya wajukuu wake. Niliona, nikageukia njia nyingine. Clovis alikuwemo. Martine, dada yake, amelia mpaka sauti imekauka.

Ijumaa, 18 Septemba

Wamevunja maabara. Constantin alikuwa ndani – kichaa yule, alitaka kuokoa chembe zake! Aliruka dirishani, chupa ya chembe za kijani ikampasukia mikononi. Alijaribu mlango wa jirani yangu Nicolas, akaukuta umefungwa, akaja kwangu. Nimempandisha darini. Nilimwambia kesho nitampeleka stesheni. Wenzake wamejaa pale, wanangoja treni ya Kasai.

"Nilizaliwaka hapa Likasi," alisema. "Kasai sijafikaka hata siku moya. Unanituma wapi?"

Nikafunga kifuniko cha dari.

Jumamosi, 19 Septemba

Hatukutoka. Vijana wamefunga barabara. Wana taa yetu ya zambarau, ile ya betri! Wanaingia nyumba kwa nyumba, wanafunga mapazia, wanamulika. Ni akili ya Clovis. Anajua kijani ni Constantin, na anajua haitoki kwa sabuni – tuliitengeneza ishike kilicho hai.

Kwa Nicolas wamekuta kijani kwenye kitasa. Nicolas hakumficha mtu. Wamemvunja mikono yote miwili uani kwake, na mimi nilisikia kila kitu nikiwa nyuma ya ukuta. Ningempata Clovis peke yake, ningemnyonga.

Nimesugua kwa javeli, ile dawa kali ya kung'arisha nguo. Kitasa, ngazi, kifuniko cha dari. Mikono ya Constantin nimeisugua mpaka ngozi ikachubuka; aliuma shati asipige kelele. Kila alipogusa nimepita. Sasa naandika nikiwangoja.

Wamefika.

"Bofrere, fungula," Clovis anasema, ananiita shemeji kwa upole kabisa. "Ni miye. Tumulike tu, tupite."

Martine amefunga mapazia mwenyewe, asionekane anaogopa. Kitasa kiko sawa. Ngazi iko sawa –

Hadassa! Jana, kabla ya kupanda, Constantin alimshika mtoto wangu mashavu yote mawili kwa mikono ile ile, akambusu kichwani.

Ameshasikia sauti ya mjomba wake. Anakimbilia mlangoni.