Mama Mkwe, Plagini na Mlango wa Nyuma

Mpendwa Shangazi Magreti,

Shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijafanya jambo la kujutia, maana nimeshaandika ujumbe wa kumwambia mchumba wangu Natalia tuahirishe ndoa, na haujatoka kwenye simu kwa sababu kidole kinakataa kuutuma.

Mimi ni kijana wa Ruhembe, natengeneza programu za simu hapa Mikumi, na sasa tunatengeneza moja ya kumjulisha mkulima wa miwa kwamba trela linakuja shambani kwake, ili asikate mapema miwa ikamkaukia chini, na huyo ninayetengeneza naye ni mama mzazi wa Natalia, Mama Odilia, alikuwa mwalimu wa hesabu Kilosa, akastaafu, akajifunza kompyuta, na Shangazi, yule mama anajua. Mimi naangalia kompaila, yaani ile programu inayogeuza maandishi yetu yawe kitu ambacho simu inaweza kukiendesha, na yeye ameandika plagini, kipande kidogo kinachochomekwa kwenye kompaila kuiongezea kazi. Vitu hivi viwili lazima matoleo yake yaendane, kimoja kikiwa kipya na kingine cha zamani vinagoma.

Zamani tulikuwa tunapigiana kelele chumba kizima, yeye "Wewe kijana, umeniharibia!" na mimi "Mwalimu, angalia kwanza mstari wako!" tunacheka, kazi inakwenda. Tangu posa yangu ipokelewe kwao mambo yamebadilika, kwa sababu kwetu mama mkwe huongei naye hovyo wala humkodolei macho, kwa hiyo yeye amehamia chumba cha pili, na mimi nikisikia viatu vyake natokea mlango wa nyuma, na hata zile kumbukumbu za mabadiliko anayofanya kwenye kazi yetu sizifungui, maana naona ni kama kumchungulia mkwe.

Basi balaa likaanza wiki hiyohiyo. Nilipandisha kompaila toleo jipya ikagoma, ikaandika kwa maandishi mekundu kwamba plagini ni ya zamani, nikasema mimi nani nimwambie mkwe kazi yake imepitwa na wakati, nikairudisha kompaila kimyakimya kwenye toleo la zamani, asubuhi nafungua inaniambia plagini ni mpya mno, nikapandisha tena kompaila, kesho yake plagini ni ya zamani! Nimefuta kila kitu nikaanza upya, nimebadilisha kompyuta, nimeomba mpaka dua. Kelvin tunayefanya naye kazi ananiambia, "Kaka, amka, mama hakutaki, anakuhujumu ili uonekane hujui kazi." Lakini mama huyohuyo kila asubuhi ananiachia vitumbua kwenye kiti mlangoni. Nimechanganyikiwa, Shangazi, Natalia nampenda sana lakini siwezi kuoa kwenye nyumba ambayo sitakiwi. Nifanyeje?

Mimi, Mficha Jina, Mikumi

*

Marahaba, mwanangu. Umeficha jina lako, halafu umemtaja mchumba, mama yake, alikofundisha na vitumbua vyake. Mikumi nzima imeshakujua, kwa hiyo tuendelee bila kujificha.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikifuta machozi ya kicheko. Kompaila mimi siijui hata ikikaa mezani kwangu, lakini watu wenye adabu nawajua. Hujarogwa wala huhujumiwi. Kompaila ilipogoma kwako, unadhani kwake haikugoma? Kazi si ni moja? Naye aliyaona hayo maandishi mekundu, akasema moyoni, "Siwezi kumwambia mkwe wangu arudi nyuma," akaipandisha plagini yake ikufuate wewe. Wewe huku umeshashuka kumfuata yeye! Asubuhi mkaamka mmebadilishana nafasi, kila mmoja akaona aibu, kila mmoja akageuza tena kimyakimya. Mngeweza kuendelea hivyo mpaka miwa ya Ruhembe iote tena.

Mtu asiyekutaka hakupikii vitumbua kila asubuhi. Anayekuharibia ni Kelvin na mdomo wake, na wewe uliyemsikiliza huna nafuu. Yaani binti wa watu aachwe na aibu kwa sababu ya namba ya toleo? Umeniudhi hapo, na sikufichi.

Heshima ya mkwe siitukani, nimekua nayo na nitazikwa nayo. Lakini haijawahi kuwakataza watu kupeana habari, ndiyo maana wazee waliweka mshenga. Kazi ya mshenga wako haikuisha siku ya posa. Mtume leo, avae kanzu akipenda, abishe hodi chumba cha pili aseme: "Mama, mkweo anakusalimu. Anaomba plagini usiiguse leo, ibaki ilipo. Yeye ndiye atakayeisogeza kompaila." Basi. Mmoja akae, mmoja asogee. Toleo mtakalokubaliana liandikwe ukutani kwa herufi kubwa, na asiyekubaliana nalo apeleke shauri kwa mshenga kabla ya kugusa kitu. Hizo kumbukumbu za mabadiliko nazo uzifungue kila siku: kusoma kazi ya mwenzako si kumchungulia bafuni!

Ule ujumbe wa Natalia ufute sasa hivi, kabla hujakunja gazeti hili. Meza yangu imejaa barua za watu ambao wakwe zao hawawapishi hata kwenye kibaraza. Wewe umepata mama mkwe anayekupisha mpaka mnagongana. Oa, mwanangu, tena upesi.