Maziwa Jukwaani

Mpendwa baba,

Nakusalimu, baba: mwadila. Huku Dutwa pamba imeanza kupasuka. Nimekukumbuka zaidi leo kwa sababu vijana wa kanisa wanaandaa tena ule mchezo niliouigiza kabla sijaolewa, ule wa wapendanao ambao wazazi wao ni maadui, na mwisho wote wawili wanakunywa sumu. Mwalimu wetu alikuwa akisema, "Hapo ndipo nguvu ya mapenzi inapoonekana, mpaka kufa!" Nasi tukaitikia kama kasuku.

Kwetu nako hali ilikuwa ile ile. Ng'ombe wa Mzee Masanja walikula pamba yetu, mkatukanana mnadani watu wakisikia, ukaapa binti yako hatakanyaga kwake. Nami nilishampenda Shija, mwanawe! Ikawa mimi na wewe hatuongei zaidi ya salamu.

Siku ya mchezo ulikuja, ukakaa mbele kabisa. Ndani ya chupa mlikuwa na maji tu, ila tuliibandika karatasi ya dawa ya pamba ili watu waelewe ni sumu. Loh! Mkulima gani wa Simiyu asiyeijua karatasi ile? Nilipokunywa na kujiangusha, nikasikia viti vinapinduka.

"Maziwa! Leteni maziwa! Mwanangu kanywa dawa ya pamba!"

Ukapanda jukwaani na katambuga moja mguuni, ya pili sijui uliiacha wapi. Kabla sijasema neno, mama muuza chai alishakupa jagi, nawe ukanimiminia mpaka puani. Ukumbi mzima ulicheka. Wewe ulizidi kunisihi.

"Kabula, usife. Kama ni huyo Shija, mchukue. Mchukue tu, mwanangu!"

"Baba, ni maji," nikasema huku nakohoa. Ukakaa chini pale pale, ukalia. Mwalimu alinuna wiki nzima, eti umemharibia mwisho.

Nilidhani ukishatulia utageuza maneno. Wapi! Asubuhi ulivaa koti ukaenda kwa Masanja. Kwetu baba wa binti hukaa kwake akingoja washenga. Akienda mwenyewe, watasema anamtembeza mwanawe. Baba mdogo alikuzuia mlangoni akikukumbusha aibu hiyo. Ukamjibu, "Aibu niliimaliza jana."

Masanja mwenyewe alinisimulia baadaye. Ulisimama uani kwake ukamwamkia, "Mwangaluka. Lete washenga. Ya pamba nimesamehe." Akakuletea kigoda. Siku ya mazishi yako alilia kuliko ndugu zako.

Asante, baba. Nimeishi na Shija miaka hii yote kwa sababu ulikubali kuchekwa. Vijana wa sasa nimewaambia wazi: kufa kwa ajili ya mapenzi kila mtu anakusifu, lakini baba yangu alimfuata adui yake asubuhi kweupe akamwamkia, na mimi naona hilo ndilo gumu.

Ulipolazwa Bariadi ukawa unakataa kila chakula, nilipaza sauti pale kitandani, "Maziwa! Leteni maziwa!" Ukacheka mpaka nesi akaja kutuchungulia. Ukanywa mafunda mawili, ukaniambia, "Ya kwako yalikuwa mengi kuliko haya."

Yalikuwa mengi kweli, baba. Sikuwa nimekunywa sumu hata tone, lakini niliyahitaji yote.

Pumzika. Wajukuu wako wanakuamkia.

Binti yako,
Kabula, mke wa Shija