Mkono Kwenye Dirisha la Lori

3 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumai u mzima na mgongo umekuachia. Mimi sijambo, ila nimekonda, usimwambie mama. Naandika kwa sababu kwenye simu husikii chochote ila lori lako la matofali.

Yale mapipa ya kutenganisha taka niliyoyapigania hapa chuoni yamefika: moja la mabaki ya chakula, moja la plastiki na karatasi, la tatu la taka isiyofaa tena kwa lolote. Mwanzoni wanafunzi waliniita Bibi Jalala, lakini sasa hata wapishi wanatenganisha. Mabaki yanatakiwa kwenda shamba la mbolea, jalalani iende taka ya mwisho tu. Ajabu ni kwamba wasimamizi wa jalala wanasema mzigo wa chuo chetu haujapungua hata kidogo. Mkuu wa chuo ametupa mpaka mwisho wa mwezi. Usipopungua, mapipa yanaondolewa na taka zitachomwa tena kwenye lile shimo nyuma ya mabweni, moshi utuingie vyumbani.

Kuna mtu anachanganya. Tunamshuku dereva wa lori la taka, huja alfajiri tukiwa bado vitandani. Rafiki yangu wa chumbani atamfuata kwa pikipiki ampige picha. Wewe unawajua madereva. Tumbane vipi asije akatuchenga?

Mpwa wako

9 Machi

Profesa wangu,

Marahaba. Mgongo unanisumbua ila bado unanibeba. Hapa wote wazima. Mama yako ameshajua umekonda.

Huyo dereva mwacheni. Dereva anakwenda anakoambiwa na mwenye gari. Wewe soma vitabu vyako, na huyo rafiki yako asije akavunjika mguu kwa ajili ya maganda ya viazi.

Mjomba wako

15 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Natumai hamjambo nyote. Barua yako imeniudhi, nakwambia wazi. Tangu lini unamtetea mtu anayefanya kazi ovyo, wewe uliyekuwa unanifagiza uwanja upya kwa jani moja?

Picha tumeipata. Lori liko jalalani linamwaga kila kitu pamoja, chakula, chupa na karatasi zetu. Uso wa dereva hauonekani, ila mkono wake uko dirishani. Ijumaa ijayo kuna baraza la chuo. Mwenye lori ataitwa, nami nitaiweka picha ukutani kila mtu aione. Tutamjua tu.

Mpwa wako

18 Machi

Mwanangu,

Natumai barua hii itakukuta salama, na itakukuta kabla ya Ijumaa. Mimi afya ipo, moyo ndio haujatulia.

Mkono huo ni wangu.

Lori la matofali liliuzwa mwaka jana, nikabaki kuzurura mpaka nikapata hili la taka huko mjini kwenu; hutoka hapa usiku wa manane na kurudi mchana. Sikukuambia kwa sababu ni chuo chenu, nikaona haya. Nikipita chini ya bweni lenu nashusha kofia usoni. Namshukuru Mungu kwamba unasoma, na papo hapo namwomba usichungulie.

Shamba la mbolea liko upande wa pili wa mji. Mwenye gari anatia mafuta ya kufika jalalani tu. Nilipouliza, akasema kama naona tabu, madereva wamejaa tele. Nikawasha gari, nikaenda kumwaga jalalani.

Sijawahi kukuomba kitu. Leo nakuomba, hiyo picha usiionyeshe.

Mjomba wako

27 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Sijui nikuulize vipi habari za huko. Mimi usingizi sina.

Picha niliiacha begini. Nilikusudia kusema haikutoka vizuri. Lakini mwenye lori alinitangulia kusimama, akasema tatizo ameshaligundua: dereva wake ni mlevi, anauza mafuta ya kwendea shambani, na atampeleka polisi. Mlevi, Mjomba. Wewe. Watu wakapiga makofi, wenzangu nao wakapiga. Nikaitoa barua yako. Nilitaka kusoma ile sehemu ya mafuta tu, ila niliogopa watasema nimechagua maneno, basi nikaisoma yote toka mwanzo.

Mkuu wa chuo amevunja mkataba na mwenye lori. Mapipa yanabaki, na chuo kinanunua lori lenye sehemu tatu. Hakuna anayekuita mlevi tena. Niandikie tafadhali, hata mstari mmoja.

Mpwa wako

30 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, na mama yako mzima. Uniwie radhi kwa kukuweka roho juu.

Kazi imekwisha, mimi na wapakiaji wote. Kwa hilo sikulaumu. Yule bwana mwenye gari angenitupa tu, tena na jina bovu juu. Mama yako anakusifia mtaa mzima. Chuo wameniita nikaendeshe lori lao jipya, nimekataa.

Kila nikifikiria kuingia pale getini, naona ukumbi mzima unajua nilivyoona haya, mpaka na namna nilivyoomba. Maneno yale sikuliandikia baraza. Hata mama yako sikuwa nimemwambia. Nilikuandikia wewe.

Sijakukasirikia. Imeniuma, basi. Likizo ukija nitakupokea stendi, na mambo mengine tutaongea tukiwa tumekaa wawili. Ila barua sitaandika tena.

Mjomba wako