Moto wa Sufuria ya Sista Verena

Uriri, Migori
Jumatano

Mama yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Nakuandikia nikiwa mzima, baba Zuhura naye mzima, na Zuhura mwenyewe ametushinda sote kwa uzima, maana tangu asubuhi anakimbiza kuku wa jirani na bado hajachoka. Nataka kusikia habari za kifua chako. Je, usiku unalala? Na ile dawa ya hospitali unaimeza, au umeiweka kabatini unawaonyesha wageni? Nakujua mama, usinifiche.

Kifurushi nilikipata. Halua ilifika Migori salama lakini haikufika Uriri salama, kwa sababu aliyetumwa posta kuichukua ni mkweo. Alinikabidhi karatasi na harufu, akasema njia ni mbovu. Ubani nao umefika, ahsante sana mama, ila subiri usikie ulivyotaka kunitia aibuni.

Yule Sista Verena ninayekutajia kila barua, muuguzi wa Kizungu wa zahanati yetu, amemaliza kazi yake na amerudi kwao Uswisi. Alivyonifanyia unavijua. Nilipomzaa Zuhura damu ikakataa kusimama, na gari la kunipeleka Migori likakwama matopeni, ni yeye aliyekaa na mimi mpaka kukapambazuka, huku akinisemesha nisisinzie. Alikuwa akiniuliza kwetu tunapikaje wali wa nazi, nikikosea mpangilio ananirudisha mwanzo. Baada ya Mungu, ni yeye. Nikiamka na kumwona mtoto wangu amelala kando yangu, jina lake ndilo linalonijia.

Mtu kama huyo huwezi kumlipa, lakini humwachi pia aende hivi hivi. Niliposikia anaondoka nilimnunulia leso pea moja, nikampelekea nyumbani kwake nyuma ya zahanati. Kufika, naona kitanda kizima kimejaa leso. Kila mwanamke aliyejifungua mikononi mwake amemletea. Angeweza kufungua duka huko Uswisi. Basi nikamuuliza waziwazi, "Sista, kabla hujatuacha, roho yako inataka nini?"

Akacheka. Akainama, akavuta boksi chini ya kitanda, akatoa sufuria.

"Hii ni ya chakula ya kwetu, jibini ya kuyeyusha," akaniambia. "Kila mwaka nasema nitapika. Shida ni moto. Mafuta yake hapa hakuna."

Nikamwambia, "Wewe tafuta jibini. Moto niachie mimi." Maneno yalinitoka kabla sijayapima, mama. Alikuwa aondoke Jumanne, tukapatana tule Jumamosi alasiri. Na mimi nikarudi nyumbani na ile sufuria kichwani, sijui hata moto wenyewe ukoje.

Nikueleze ilivyo. Ni sufuria nzito, nyekundu, ya mkono mmoja, hukaa juu ya kigoda cha chuma cha miguu mitatu. Chini ya kigoda kuna kikombe cha chuma chenye kifuniko cha matundu, ambacho ukikisogeza moto hupungua au huongezeka. Hicho ndicho jiko. Huwekwa mezani, watu wakaizunguka, kila mmoja na uma wake mrefu, wakachovya mkate katika jibini iliyoyeyuka. Sista alinionya kwamba moto ukizidi jibini inakatika, na ukipungua inaganda mpaka uma unasimama wenyewe. Unatakiwa moto mdogo usiobadilika, tangu wa kwanza kuchovya mpaka wa mwisho.

Jibini yenyewe ilikuwa itoke Nairobi kwa rafiki yake, kwa hiyo mazoezi nilifanya na maziwa niliyoyatia unga kidogo yakawa mazito.

Siku ya kwanza tulijaribu mafuta ya taa, maana ndiyo yaliyokuwepo nyumbani. Baba Zuhura, ambaye kwa kuwa ni fundi wa mashine ya posho hudhani kila kitu ni mashine, akasokota utambi wa tambara akautia kikombeni. Ukawaka vizuri tu. Ila sufuria nyekundu ikawa nyeusi, dari ikawa nyeusi, na maziwa yakanuka koroboi. Nilisugua ile sufuria kwa majivu mpaka vidole vikauma, nikiomba Mungu rangi isitoke.

Siku ya pili nikajiambia, mimi ni mtoto wa pwani, mtoto wa Vanga, nimekulia kwenye moto mdogo. Nikachukua chetezo changu, nikakiweka chini ya kigoda pale mahali pa kikombe, nikatia makaa mawili matatu, nikayafunika jivu. Mama, moto ulikuwa mzuri ajabu, wa taratibu, hauna moshi. Nikamwita jirani yangu Mama Akoth aje aonje. Huyu ni Mjaluo, mjane, anauza omena, wale dagaa wa ziwani, hapa sokoni, na hana neno analolimeza.

Akaonja. Akaweka kijiko chini polepole. "Mama Zuhura," akasema, "hii maziwa inaenda harusi ya nani?"

Nilikuwa nimesahau kwamba siku iliyotangulia, kwa furaha ya kifurushi chako, nilifukiza ubani wako wote wa shukrani, na chetezo kilikuwa kimeshiba. Makaa yalipokolea, ubani ukafufuka. Maziwa yalinukia bibi harusi. Mkweo aliyanywa yote, akasema yamemkumbusha mbali. Nilicheka, lakini ndani nilikuwa nimeanza kuogopa. Nilimwona Sista akifika mezani Jumamosi nami sina moto wa kumpa, yeye aliyekaa na mimi usiku ule wote.

"Weka chang'aa," Mama Akoth akaniambia. "Hiyo inawaka bluu, safi kabisa, haina moshi."

Nikamwambia pombe hiyo haiingii nyumbani kwangu hata kama ni ya kumulika njia ya peponi. Akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akafikiri. "Sasa ngoja. Wavuvi wa omena huwa wanaanzisha karabai na nini?"

Karabai ni ile taa ya kupampu, mama, kama ile ya marehemu babu. Hapa ziwani huziwasha juu ya maji usiku ili omena wazifuate. Inatumia mafuta ya taa, lakini kabla ya kuipampu lazima uipashe moto kwa spiriti. Kesho yake Mama Akoth alikuwa anakwenda Homa Bay kuchukua omena, nikafuatana naye.

Tukaingia duka moja karibu na gati lililojaa vioo vya taa na nyavu. Mwenye duka akatupatia chupa ya spiriti ya rangi ya zambarau. Mimi nilikuwa nishafungua pochi, Mama Akoth akanizuia.

"Leta kijiko kwanza," akamwambia.

"Mama, kwani unataka kukunywa?"

"Nataka kuona. Mimi nimenunulia mabwana wavuvi hii kitu miaka mingi."

Akamimina kidogo kijikoni, akawasha kiberiti. Ikawaka, ikatapatapa, ikazima, na kijikoni yakabaki maji. Akamsogezea yule bwana kijiko chini ya pua. "Hii maji utarudisha kwa ziwa wewe, ama nirudishe mimi?" Mwenye duka akatazama kando, akainama chini ya kaunta, akatoa chupa ambayo bado imefungwa. Hiyo ikawaka mpaka kijiko kikakauka kabisa. Ndiyo tuliyoichukua.

Usidhani mambo yaliishia hapo. Nilipoijaribu nyumbani, ilikuwa mchana na nimekaa uani penye jua. Nikajaza kikombe, nikawasha, nikatazama, sioni kitu. Nikadhani imezima, nikainua chupa niongeze. Mkweo aliruka akanidaka mkono. "Unawaka huo!" Na kweli ulikuwa unawaka. Moto wa spiriti juani hauonekani, mama, ni joto tu linalocheza hewani. Ncha ya leso yangu ilishika, akaizima kwa kiganja chake. Nilimvuta Zuhura kifuani, maana alikuwa amesimama nyuma yangu.

Tangu hapo nikawa na adabu. Kikombe natia pamba kwanza ili spiriti isimwagike, nakijaza nusu tu, chupa naifunga na kuipeleka mbali kabla ya kuwasha kiberiti, na moto ukizima siongezi mpaka kikombe kipoe nikishike kwa mkono mtupu. Zuhura na mwenzake Akoth, mtoto wa jirani, hawasogei kabisa. Maziwa yakakaa juu ya moto ule kimya, hayakuungua, wala hayakunuka chochote. Mama Akoth akaonja akasema, "Sasa hii ni maziwa." Nikamshukuru Mungu palepale.

Jumamosi tukaenda sote, kwenye baraza ya Sista. Nilipanga nitandike mkeka, lakini alikuwa ameazima meza ya zahanati. Akasugulia sufuria kitunguu saumu, akayeyusha jibini jikoni. Kwao hutiwa mvinyo, akaniambia, lakini leo ametia maziwa na ndimu. Hakusema ni kwa ajili ya nani. Nilijua, nikamshika bega.

Nikawasha. Alitazama kile kimoto cha buluu muda mrefu, kisha akatugawia uma.

Mama, jibini ni chakula kigeni. Tonge la kwanza nililimeza kwa ajili yake, la pili kwa adabu, la tatu nikalifuata mwenyewe. Mkweo alipoteza mkate sufuriani, na Sista akasema kwao anayepoteza mkate huadhibiwa, basi akahukumiwa kuimba. Unajua sauti yake. Akina mama waliokuwa kwenye foleni ya zahanati walikuja kuchungulia kama kuna mgonjwa. Sista alicheka mpaka akafuta machozi. Miaka yote niliyomjua sikuwahi kumwona anacheka akiwa na chakula mdomoni.

Katikati ya kula, moto ukazima. Mama Akoth akanyoosha mkono achukue chupa, nikamwambia angoje kikombe kipoe, na hata hivyo yetu imebaki tone. Sista akasema, "Hakuna taabu, nina nyingine." Akaingia ndani, akarudi na chupa kubwa, imejaa, nyeupe.

Ilikuwa spiriti. Ile ya kupangusia mkono kabla ya sindano. Sote tumepanguswa nayo, mama, mimi na mtoto wangu na Uriri nzima. Dawa ni dawa, nani angefikiria kuipikia?

Mama Akoth aliitazama chupa, akamtazama Sista. "Yawa, Sista. Kumbe hii ilikuwa hapa?"

"Ilikuwa."

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Sasa mbona ulisema moto ndio hakuna?"

Sista aliketi. Akafuta mdomo wa chupa kwa kitambaa ingawa ulikuwa safi. "Hii chakula mtu mmoja hawezi kula," akasema. "Unawasha, unachovya, unaangalia kiti hakuna mtu. Mwaka wa kwanza nilijaribu. Nikazima. Ikawa rahisi kusema mafuta imekosa."

Mama Akoth akavuta kiti chake kikagusa cha Sista, akabaki hapo. Kikombe kilipopoa nikakijaza kwa ile spiriti yake, tukala mpaka chini. Chini kabisa kulikuwa na ukoko, mama, ukoko kama wetu, akaukwangua akaugawa sawasawa, na hata Zuhura akapata wake.

Niliumia, sikufichi. Kila Idi nilimpelekea Sista biriani katika sahani nzuri, nimeifunika kawa, nikabisha hodi, nikampa mlangoni, nikarudi kwangu. Naye alirudisha sahani imeoshwa, na ndani yake hakukosa kuweka kitu. Nilidhani hiyo ndiyo heshima. Tulisema Wazungu hupenda kula peke yao. Mimi, niliyelelewa kwenye sinia moja na ndugu, mashangazi na kila aliyepita njia, sikumwambia hata mara moja, "Ingia, nawa mikono."

Lakini namshukuru Mungu kwamba Jumamosi ile ilikuwepo. Jumanne alipopanda gari alinikumbatia akaniambia kwa Kijaluo, "Ero kamano," yaani ahsante, ati yeye ndiye anayenishukuru mimi. Nilitaka kumwambia mengi, nikaishia kulia. Nadhani alielewa.

Sasa salamu. Mnisalimie baba mdogo, mwambieni kofia nitamtumia. Msalimie shangazi mkubwa na goti lake, na wifi yangu mpishi wa mikate ya kumimina, na ndugu yangu wa mwisho, asome. Mnisalimie bibi wa jirani aliyenifunga leso siku naondoka. Mama Akoth naye anawasalimu, anasema siku moja atakuja aone samaki wa maji ya chumvi kama wana ladha.

Na yule mwalimu kijana kutoka bara uliyempangisha chumba cha uani, unayesema ni mpole, hana maneno, na kila jioni unampelekea sahani yake mlangoni kwa kuwa anapenda upweke, naye msalimie. Mama, nani alikuambia anapenda? Kesho usimpelekee sahani. Mwite kwenye sinia, na akikwambia ameshiba, mwambie akae tu.

Mwanao akupendaye,
Mwanaisha, mama Zuhura